Nani Atasimama na Kufuli

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kati ya kibanda cha kinyozi na meza ya baba yangu. Upande wa kinyozi una kivuli, upande wa meza una jua, kwa hiyo mtu akichelewa kufika anaungua na hamlaumu mtu. Baba ni fundi kufuli. Anachonga funguo, anawafungulia milango watu waliojifungia nje, na anaongea kidogo mno, basi jina la kazi likawa jina lake: Kufuli. Kinyozi ni Wembe, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, anayeikagua kila sentensi ya mwenzake kama nywele iliyoachwa kisogoni. Muuza kahawa ni Hakimu, Mwislamu wa swala tano, ambaye huamua ubishi kwa kummiminia kahawa yule anayemwona ameshinda. Seremala wa ng'ambo ya barabara ni Kadinali, kwa sababu huzungumzia Kanisa Katoliki kama mtu aliyempigia Papa kura. Mimi ni binti wa Kufuli. Nilisoma historia chuo kikuu, na wazee hawa wamenibatiza Sahihisho. Hawakukusudia sifa.

Jumatano hiyo nilikwenda kijiweni na jambo moja tu la kusema. Jumamosi, mkesha wa Pasaka, Baba alikuwa abatizwe. Mama amemwombea tangu siku ya harusi yao, na Baba naye alishaingia na kutoka kwenye milango mingi ya ibada kabla ya kusema, mwaka jana, kwamba sasa amefika. Jana yake jioni Mama akanieleza kitu alichokisikia parokiani: alipoulizwa nani atakuwa baba yake wa ubatizo, Baba alimtaja Kadinali. Hakuwa amemwuliza. Aliona mtu anayekufundisha dini kila alasiri kwa miezi sita, umwulize nini tena. Asichokijua Baba ni kwamba baba wa ubatizo lazima awe Mkatoliki anayeungama na kupokea Komunyo, na Kadinali hajakanyaga kanisani miaka kumi na moja.

Sababu yake kila mtu kijiweni anaijua na hakuna anayeitaja. Kadinali ndiye aliyetengeneza viti vya kanisa. Mbao za kupigia magoti alizipima kwa miguu yake mwenyewe, na Kadinali ni mfupi. Watu warefu wakawa wakipiga magoti huku kiti cha nyuma kinawasukuma mgongoni. Wazee wa parokia wakamwita fundi mwingine azikate na kuzisogeza, bila kumwambia. Jumapili iliyofuata Kadinali aliingia, akaona alama za msumeno wa mtu mwingine kwenye mbao zake, akageuka akatoka. Ndiyo hivyo mpaka leo.

Nilimkuta Baba amebana ufunguo kwenye jiliwa, tupa ya kusugulia chuma mkononi. Kadinali alikuwa amesimama mbele yake, penseli sikioni, kama mwalimu wa zamu.

MIMI: Shikamooni. Baba mdogo, nilikuwa na neno kuhusu Jumamosi.

KADINALI: Marahaba, mwanangu. Jumamosi ni Jumamosi, leo ni Jumatano. Kaa. Ijumaa Padre atamwuliza kila mmoja habari za somo wake, yule mtakatifu aliyechukua jina lake, na baba yako bado anajibu kama mtu anayelipishwa kwa neno. Kufuli, tuanze upya. Somo wako nani?

BABA: Yustino.

KADINALI: Yustino nani?

BABA: Mfiadini.

WEMBE: Mimi hapo bado sijapona. Fundi funguo mzima, tupa imemchubua vidole, anamwacha Petro mwenye funguo za mbinguni anakwenda kumwokota mtu ambaye hata mama yangu hamjui.

BABA: Petro alipewa funguo. Hakuzichonga.

Hakimu alimmiminia Baba kahawa.

KADINALI: Sasa maisha yake. Polepole, kwa sentensi nzima.

BABA: Alizaliwa Samaria, miaka kama mia moja baada ya Kristo. Kwao hawakuwa Wakristo. Akautafuta ukweli kwa wanafalsafa.

KADINALI: Wangapi?

BABA: Wanne.

WEMBE: Wanne. Na mimi nilihama kwaya mara moja tu, baba yangu akaninyima salamu mwezi mzima.

KADINALI: Mwalimu wa kwanza alikuwa bubu.

MIMI: Hakuwa bubu, baba mdogo. Kuhusu Mungu hakuwa na la kumfundisha, na hakuona kama ni jambo la lazima.

KADINALI: Si ndiye bubu huyo? Wa pili?

BABA: Wa pili alitaka ada mapema mno. Yustino akaona huyu si mwanafalsafa.

WEMBE: Huyo mimi namwelewa. Mtu akishanyolewa hakumbuki mfuko uko wapi.

BABA: Wa tatu akamwambia kwanza kajifunze muziki, nyota na hesabu za maumbo, halafu uje.

KADINALI: Mwenyekiti wa parokia huyo, namjua. Unaleta mbao, anakuuliza cheti.

Alisema hivyo, akaichukua penseli sikioni akaitazama ncha yake, akairudisha. Nikaona hapo ndipo pa kuingilia. 

MIMI: Baba mdogo, hilo la parokia ndilo nililotaka...

KADINALI: Wa nne, Kufuli. Usimsahau wa nne.

BABA: Wa nne alimpendeza. Alimfundisha kuwaza mambo yasiyoonekana. Yustino akawa anakwenda kuwaza peke yake karibu na bahari. Siku moja akakuta mzee anamfuata nyuma.

WEMBE: Hapo sasa. Huyo mzee alikuwa kinyozi.

HAKIMU: Ushahidi?

WEMBE: Hakimu, nijibu wewe. Mtu gani mwingine duniani anaweza kuanza maongezi na asiyemjua, akamwuliza mambo ya ndani kabisa, akamwonyesha kwamba kichwa chake chote hakijanyooka, na yule mtu akaondoka anashukuru? Halafu wanasema hakumwona tena maisha yake yote. Kinyozi mzuri ukimpata ugenini ndivyo anavyokuwa. Ukirudi kesho, kibanda kimehama.

MIMI: Haijulikani alikuwa nani. Alimwelekeza asome manabii, na habari za Kristo, wakaachana. Baadaye Yustino akasema moto uliwaka rohoni mwake.

WEMBE: Haijulikani, umesema mwenyewe. Maana yake haijakanushwa.

KADINALI: Kinyozi hajinyoi, Wembe. Angekuwa kinyozi angekuwa na ndevu za hovyo, na hilo lingeandikwa. Mimi nitawaambia siri ya yule mtu iko wapi. Iko kwenye joho.

Hili la joho ni la kweli, na nililieleza vizuri ili lisiharibiwe: wanafalsafa wa wakati ule walikuwa na vazi lao, ukimwona mtu barabarani unajua huyu ni mwalimu wa hekima. Yustino alipobatizwa hakulivua. Alisema amepata hekima ya kweli, basi kwa nini avue?

BABA: Ndilo lililonifanya nimpende. Alibatizwa akabaki na nguo zake za kazi.

Aliposema hivyo alikuwa akipuliza unga wa chuma kutoka kwenye kifua cha aproni yake. Nadhani kwa Baba hiyo ilikuwa hotuba.

KADINALI: Umeona juu tu. Ndani ya joho kulikuwa na mifuko saba. Mfuko mmoja kwa kila sakramenti. Ubatizo, Kipaimara, Ekaristi, Kitubio, Mpako wa Wagonjwa, Daraja, Ndoa. Askari wakimpekua wanakuta kitambaa tupu, maana sakramenti ni neema isiyoonekana. Ndiyo wahenga wakasema kikulacho ki nguoni mwako.

MIMI: Methali hiyo inamzungumzia adui wa karibu, baba mdogo. Na hakuna mahali palipoandikwa mifuko.

KADINALI: Mwanangu, methali ni kama koti. Likinitosha, navaa.

WEMBE: Lakini sakramenti umezihesabu sawasawa, hilo nakupa. Ingawa kwetu ni mbili.

KADINALI: Kwenu mlishona mifuko miwili kwa sababu ya uchache wa kitambaa.

Wembe alicheka mpaka mteja wake kibandani akageuza shingo, sabuni usoni, kutaka kujua kulikoni. Wembe akamrudisha kichwa taratibu kwa vidole viwili, akaendelea kunyoa akiwa ametuelekezea sikio.

KADINALI: Sasa swali la hatari. Kufuli, Mungu wangapi?

BABA: Mmoja.

KADINALI: Nafsi?

BABA: Tatu. Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu.

KADINALI: Eleza.

BABA: Mwalimu wetu parokiani alisema tusieleze kupita tunachojua.

KADINALI: Mwalimu mwoga huyo. Tazama kigoda. Kina miguu mitatu, lakini utasema vigoda vitatu? Kigoda kimoja. Na mkono mmoja haulei mwana. Kwisha.

WEMBE: Ukikata mguu mmoja kigoda kinaanguka, ila mguu wenyewe si kigoda. Kwa hiyo Mwana ni theluthi ya Mungu? Baba yangu angekunyima salamu na wewe.

MIMI: Wembe amesema kweli. Imani ni kwamba kila nafsi ni Mungu kamili, na Mungu ni mmoja tu. Hawagawani.

KADINALI: Basi maji. Maji, barafu, mvuke.

MIMI: Hapo unasema Mungu hubadilika sura, baba mdogo. Kanisa lilikwisha kulikataa hilo.

KADINALI: Lilikataa lini? Mbona sikuitwa?

HAKIMU: Mimi kwetu ni Mmoja, basi.

KADINALI: Hata kwetu ni mmoja.

HAKIMU: Sasa vigoda vimeletwa vya nini?

Hapo Hakimu alijimiminia kahawa mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshajaribu mara mbili, na saa kumi ilikuwa inakaribia. Nilijua kutoka kwa Mama kwamba Padre anakaa kuungamisha kuanzia saa kumi siku hiyo, na kwamba kesho yake Alhamisi na Ijumaa ni siku za ibada kubwa na foleni hufika nje ya mlango. Nilitaka kumvuta Kadinali pembeni. Lakini Kadinali havutiki pembeni. Ukimshika mkono anakuonyesha kitu kilichoko mbele.

KADINALI: Yustino akahamia Roma. Aliishi wapi?

BABA: Juu ya nyumba ya kuogea ya watu wote. Akifundisha chumbani kwake. Aliyetaka kuja alikuja.

WEMBE: Yaani alikuwa na kijiwe.

KADINALI: Kijiwe chenye ghorofa. Na hapo, jamani, ndipo ninapowashangaa waandishi wa historia, akiwemo binti yetu. Chini kuna maji ya moto. Juu kuna mwalimu wa imani. Mnadhani kaisari alikuwa akioga wapi?

MIMI: Kaisari alikuwa na kwake.

KADINALI: Kwake mabomba yaliharibika. Akashuka kwa siri, amejifunika taulo, akaketi kwenye mvuke. Juu Yustino anafundisha. Sauti inashuka kwenye bomba. Kaisari anasikia Ubatizo, anasikia Ekaristi, anasikia ufufuko wa wafu, na huku mvuke unamtiririka kichwani. Yustino kule juu anasema, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Kaisari akabatizwa bila kujijua.

WEMBE: Kwa mvuke.

KADINALI: Dalili ya mvua ni mawingu.

MIMI: Ubatizo ni maji yanayomwagwa au mtu kuzamishwa, na anayebatiza awe amekusudia kumbatiza mtu huyo. Na mtu mzima sharti aombe mwenyewe. Habatizwi mtu kwa kupitiwa na bomba.

KADINALI: Mvuke si maji?

HAKIMU: Mimi natawadha mara tano kwa siku. Mvuke haujawahi kunitosha.

WEMBE: Hapana, mwache, mimi hii naipenda. Maana kama mvuke unabatiza, na taulo langu la moto linabatiza. Nimewabatiza mtaa mzima, Hakimu akiwemo.

HAKIMU: Mimi hujinyoa nyumbani.

WEMBE: Najua. Inaonekana.

Baba alikuwa ameacha kuchonga. Aliulaza ufunguo kwenye kiganja akawa anaugeuza, na mimi ninayemjua nikajua anataka kusema kitu kirefu kidogo. Wengine nao walijua.

BABA: Binti yangu, waeleze lile la Jumapili.

Nikawaeleza. Yustino alimwandikia kaisari kuwatetea Wakristo, kwa sababu watu walikuwa wakisema wanakula watoto na mambo mengine ya kutisha. Basi akaeleza wazi wanachokifanya wanapokutana siku ya jua, yaani Jumapili. Wanasoma maandiko, kiongozi anawahubiria, wanasimama wanasali, wanaletewa mkate na divai na maji, kiongozi anashukuru, watu wanaitikia Amina. Kisha kila mmoja anapokea. Na wakati ule ule alisema huo si mkate wa kawaida wala kinywaji cha kawaida, ni mwili na damu ya Yesu.

WEMBE: Hayo ni ya zamani kiasi gani?

MIMI: Zaidi ya miaka elfu moja na mia nane.

BABA: Nilipoyasikia darasani nikasema, mbona hii ni Misa ya mama yako. Nimempeleka mlangoni miaka yote, nikamsubiri nje, na kule ndani walikuwa wakifanya kile kile.

MIMI: Akaongeza kwamba wasiokuwepo, mashemasi waliwapelekea.

WEMBE: Wasiokuwepo kwa nini?

MIMI: Hakusema. Wagonjwa, nadhani.

WEMBE: Au waliosusa.

Wembe alilitamka kabla hajalipima. Nilimwona akijutia papo hapo. Aliwasha mashine yake ya kunyolea akaizima, akapuliza nywele ambazo hazikuwepo. Hakimu alikigeuza kikombe kitupu akakiweka wima tena. Kadinali alikuwa anaupima ubao wa benchi kwa shubiri, mara mbili, kama mtu aliyeagizwa mwingine wa kufanana nao.

MIMI: Baba mdogo. Kuhusu Jumamosi.

KADINALI: Alikufaje, Kufuli? Hilo Padre lazima aulize.

BABA: Alitakiwa aitolee miungu sadaka, akakataa. Wakamkata kichwa, kule Roma.

KADINALI: Peke yake?

BABA: Hapana. Na wenzake sita. Waliokuwa wakikutana naye.

Wakati huo ndipo alipovuka barabara mwanamke mmoja mfupi, mkoba begani, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, akitazama vibanda kimoja kimoja kama anayetafuta namba ya nyumba. Baba alisimama. Mgeni alikuwa katekista wake, yule mwalimu ambaye Kadinali alimwita mwoga, na hakuwahi kufika pale.

KATEKISTA: Shikamooni wazee. Mzee wangu, samahani kukufuata kazini.

BABA: Marahaba, mwalimu. Karibu kiti.

KATEKISTA: Sikai sana. Jumapili tuliwaita wasimamizi wote wa ubatizo, wakaja wote isipokuwa wa kwako. Nikasema nije mwenyewe. Nasikia ni seremala wa hapa.

Wembe, Hakimu na mimi tulimtazama Kadinali. Kadinali alimtazama Baba.

KADINALI: Ulinitaja mimi?

BABA: Nimtaje nani mwingine?

Alisema kwa mshangao wa kweli, mtu asiyejua kwamba kulikuwa na swali. Na Kadinali, sijui niueleze vipi uso wake. Ulikunjuka kwanza, kama wa mtoto aliyeitwa jina lake mbele ya watu kwa jambo jema, halafu ukafungwa.

KATEKISTA: Nimefurahi kukuona, mzee. Mzee Kufuli anajibu darasani vizuri, na kila mara anasema ni wewe uliyemsukuma. Nina swali moja tu, huwa namwuliza kila msimamizi. Mara ya mwisho kupokea Komunyo ni lini?

Kijiwe kizima kilikuwa na jibu la Utatu, la kaisari, la mifuko saba. Kwa swali hili sote tuligeukia barabara. Mteja wa Wembe alitoka kibandani nusu uso umenyolewa, akaona hali ilivyo, akarudi ndani.

KADINALI: Mwalimu, kuna suala la mbao.

KATEKISTA: Mbao zipi?

KADINALI: Za kupigia magoti.

KATEKISTA: Zile zilizo mbali? Mimi nimezishindwa. Mimi hupiga magoti sakafuni.

Kadinali alisimama wima. Miaka kumi na moja alikuwa akingoja mtu atamke maneno hayo, na sasa yametamkwa na mwalimu wa dini, mbele ya mashahidi. Alitugeukia mmoja mmoja.

KADINALI: Mmesikia? Mmesikia kutoka kinywani mwake? Nilipima sawa. Nilisema tangu mwanzo kwamba kanisa si la warefu peke yao, na wale walipoleta msumeno wao...

BABA: Kadinali.

KADINALI: ...bila hata kunitumia mtoto aje aniambie...

BABA: Kadinali. Hakuuliza mbao. Ameuliza lini.

Baba hakupandisha sauti. Sijawahi kumsikia akiipandisha. Kadinali aliketi. Aliketi upande wa jua, mahali asipokaa kamwe.

KADINALI: Zamani, mwalimu.

Katekista hakumkemea. Alimweleza taratibu kile kile nilichokuja nacho kijiweni: kwamba anayesimama na mtu kwenye ubatizo anaahidi kumwonyesha njia, na hawezi kuionyesha akiwa amekaa nje yake. Akasema parokiani kuna wanaume wengine wema, anaweza kumtafutia Mzee Kufuli mmoja leo hii, Jumamosi isiharibike.

WEMBE: Hilo ni la busara, Kufuli. Mama Sahihisho amengoja sana.

BABA: Amengoja. Nitamwomba angoje tena.

MIMI: Baba.

BABA: Mwalimu, mimi sitafuti mwanamume mwema. Wema wapo wengi, wananiletea kufuli zao. Huyu kila siku ameacha randa yake akavuka barabara kuja kuniuliza Mungu wangapi. Mengine aliyonifundisha si kweli, binti yangu amekuwa akiniambia tukifika nyumbani. Lakini alivuka. Kama Jumamosi hawezi, nitabatizwa Pasaka ijayo. Akishindwa ile, nyingine.

Akachukua tupa akarudi kwenye ufunguo wake. Mimi nilimfikiria Mama, gauni alilokwisha kulipiga pasi likaning'inia nyuma ya mlango, na nikataka kumwambia Baba kwamba hana haki ya kutoa ahadi kwa miaka ya mtu mwingine.  Lakini nilikuwa namtazama Kadinali.

KADINALI: Wewe una miaka mingapi, Kufuli?

BABA: Sitini na mbili.

KADINALI: Na moyo wako ule unaopiga vibaya.

BABA: Unapiga.

KADINALI: Mtu wa sitini na mbili anasema Pasaka ijayo kana kwamba ni basi la saa nane.

 Hakimu aliinua birika, akalishusha. Sasa sikujua angemmiminia nani, na nadhani hata yeye hakujua.

KADINALI: Mwalimu, Padre anakaa leo?

KATEKISTA: Saa kumi.

KADINALI: Foleni?

KATEKISTA: Leo ni fupi. Kesho ndiyo balaa.

Kadinali aliondoa penseli sikioni akaiweka juu ya meza ya Baba. Akafuta mapaja yake vumbi la mbao. Akasimama, akapiga hatua mbili kuelekea barabarani, akasimama tena, akiwa ametugeuzia mgongo. Tulidhani amebadili mawazo. Alipogeuka, sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo.

KADINALI: Jamani. Mtu akishapiga magoti pale, anaanza kwa kusema nini?

Wembe alimtazama Hakimu, Hakimu akanitazama mimi. Mimi ninajua tarehe za mitaguso, ile mikutano mikuu ya Kanisa. Mwenyewe naenda kuungama mara mbili kwa mwaka, na kwa wasiwasi wa saa ile maneno yalinipotea yote. Katekista alifungua mdomo. Lakini Baba alikuwa ameshaivua aproni.

BABA: Unaanza na ishara ya msalaba. Halafu, nibariki Padre, kwa kuwa nimekosa.

KADINALI: Wewe hujaungama hata siku moja.

BABA: Hata Jumamosi sitaungama. Ubatizo unafuta yote. Lakini tulifundishwa.

KADINALI: Yote?

BABA: Yote.

KADINALI: Una bahati wewe.

BABA: Sema basi.

KADINALI: Nibariki Padre, kwa kuwa nimekosa.

BABA: Tangu maungamo yangu ya mwisho ni miaka kumi na moja.

KADINALI: Tangu maungamo yangu ya mwisho ni miaka kumi na moja, na sababu, Padre, ni kwamba mwaka ule wazee wa parokia...

BABA: Hapana. Wazee wa parokia wataungama ya kwao.

Baba alimwachia Hakimu meza, na Hakimu akahamia kwenye kiti chake, birika mapajani, kulinda tupa na funguo za watu. Wembe alirudi kwa mteja wake na nusu uso iliyobaki. Mimi na katekista tulikaa kwenye ubao tukiwatazama wale wawili wakivuka barabara, mrefu na mfupi, Baba akipunguza hatua ili mwenzake asikimbie. Katikati ya barabara Kadinali alisimama, pikipiki ikampigia honi, hakuijali.

KADINALI: Nikimaliza kusema makosa, nafanya nini?

BABA: Unanyamaza.

KADINALI: Muda gani?

BABA: Mpaka Padre amalize.

KADINALI: Hapo ndipo pagumu, Kufuli. Hebu tuparudie hapo.